Walipotoka Sokoni Walikwenda Wapi

Swali lilitoka kwa binti wa kidato cha tatu, mpole, asiyependa kunyoosha mkono darasani. Ilikuwa mwaka 2005. Tulikuwa tumeinama kwa zamu ndani ya vyumba vya chini pale Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, na mtembeza wageni alikuwa amemaliza maelezo yake: jinsi watu walivyojazwa humo, hewa iliyopita kwenye vitundu vya ukuta, siku walizokaa na njaa kabla ya kupandishwa sokoni. Wanafunzi walikuwa kimya kabisa. Binti akanigeukia mimi: "Mwalimu, sasa walionunuliwa, walipotoka hapa walikwenda wapi?"

Mtembezaji akanitangulia kujibu. "Uarabuni." Akaanza kupanda ngazi, maana kundi jingine lilikuwa linasubiri juu.

Nilijua jibu hilo ni nusu. Miaka sita nilikuwa nafundisha somo hilo hilo. Nilijua kwamba wapo waliovushwa bahari kwenda Uarabuni na Ghuba, na kabla yao wengine walinunuliwa na Wafaransa kulima miwa kwenye visiwa vya Mauritius na Réunion. Lakini nilijua pia kwamba maelfu kwa maelfu hawakwenda mbali. Walipelekwa kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Unguja yenyewe mtu angeyafikia kwa daladala kutoka pale tuliposimama. Wengine walirudishwa bara, mrima, wakalima miwa Pangani. Wengine walikwenda Malindi kwenye mtama na ufuta. Wengine waliishia jikoni, bandarini, vyumbani mwa watu. Nilijua yote hayo na sikuyasema. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ni haraka ya ratiba, boti ilikuwa saa kumi. Haikuwa ratiba.

Mimi ni wa Pangani. Nilipokuwa na miaka kama kumi, shangazi yangu aliposwa na kijana wa nyumba moja ya mjini, watu wa heshima. Mshenga alikuja, akapokewa, tukapika. Baada ya siku chache posa ikavunjika. Hakuna aliyetueleza watoto, ila nyumba zetu kuta zake ni nyembamba, na usiku nilimsikia mtu mzima mmoja akisema kwa sauti ya chini kwamba wale wamesema sisi si kufu yao, kwamba bibi yetu ni kizalia. Sikulijua neno hilo. Asubuhi nikamuuliza bibi. Alikuwa anakuna nazi. Mikono ikasimama, kisha ikaendelea. "Uliza mengine," akasema.

Nikauliza mengine kwa miaka ishirini.

Kizalia ni mtu aliyezaliwa pwani na wazazi watumwa. Nililikuta neno hilo chuoni, kwenye kitabu, na nikalifunga kitabu kama mtu aliyeona picha yake mwenyewe mahali asipotarajia. Nikawa mwalimu wa historia. Nikafundisha kongwa na minyororo, misafara ya pembe na njia zake, mikataba na tarehe zake. Hata siku moja sikuwaambia wanafunzi wangu kwamba mama yake bibi yangu aliletwa Pangani akiwa mtoto mdogo, ameuzwa, na kwamba jina tunalomtaja nalo nyumbani ni jina alilopewa na aliyemnunua. Jina alilokuja nalo hatuna.

Kwa hiyo yule binti alipouliza walikwenda wapi, jibu la kweli lilikuwa, wengine walikwenda kwetu.

Tulipotoka chini tulipelekwa kwenye sanamu. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo, wamefungwa shingoni kwa mnyororo, na wewe unawatazama kutoka juu. Mnyororo wenyewe husemwa ni wa enzi hizo. Mimi naipenda sanamu hiyo kwa sababu moja: nyuso zake hazikuombi huruma. Unapiga magoti ukingoni, unajikuta wewe ndiye unayetazamwa.

Kisha kanisa. Soko lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, Sultani Barghash ameshinikizwa na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Altare, inasemwa, iko mahali watumwa walipochapwa viboko. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo na aliyekijua Kiswahili kuliko wageni wengi wa wakati wake, amezikwa nyuma ya altare. Kuna dirisha la kumkumbuka Livingstone. Kuna msalaba wa mti, ambao inaelezwa umetokana na mti wa kule Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa alipofariki Mei 1873.

Nilisimama mbele ya msalaba ule mara tatu, katika safari tatu za miaka tofauti, kabla sijatambua kilichokuwa kinanisumbua. Majina yote niliyoyasikia humo ni ya waliokomesha. Aliyefungwa hakutajwa kwa jina hata mmoja. Na si kwamba hawana majina. Kwenye ule mti wa Chitambo, aliyechonga maandishi ya kumkumbuka Livingstone ni Jacob Wainwright, na yeye mwenyewe alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akapelekwa kusomeshwa India. Chuma, mmoja wa walioubeba mwili hadi pwani, alitolewa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa kijana mdogo. Yaani hata mti wenyewe uliotupatia msalaba umepitia mikononi mwa mtu aliyewahi kuuzwa. Ukiwa na dakika tano tu za kuwaeleza watoto habari ya msalaba huo, mimi nasema mtaje Wainwright kwanza.

Na yuko Swema. Huyu alikuwa msichana wa Kiyao, katikati ya miaka ya 1860. Mama yake alikuwa na deni, deni likalipwa kwa mtoto. Walitembezwa hadi Kilwa, mama akafia njiani, Swema akapakiwa jahazini hadi Unguja akiwa hoi kiasi kwamba alizikwa akidhaniwa amekufa. Mpita njia akamsikia, akamfukua, akampeleka kwa masista. Habari zake ziliandikwa na mapadre wa wakati huo, na bila shaka waliziandika kwa namna iliyowafaa wao. Hata hivyo jina lipo. Tangu nimjue, sishuki kwenye vyumba vile na darasa bila kuwa nimewasimulia Swema usiku wa kuamkia safari. Wanashuka wakiwa na mtu kichwani mwao, na nimeona tofauti: hawacheki kwa woga, na hawapigani kutafuta nafasi ya picha.

Lakini nirudi kwenye safari ile ya 2005, kwa sababu jambo kubwa lilitokea kwenye boti ya kurudi Dar es Salaam.

Nilikuwa na mwanafunzi mwenye asili ya Kiarabu upande wa baba. Kijana mtulivu, hodari wa hesabu. Tulipokuwa katikati ya mkondo nikasikia vicheko upande wa nyuma. Wenzake walikuwa wanamwita mwenye watumwa. Mmoja alikunja kamba ya begi lake shingoni, akamwambia, "Niuze basi, bwana." Kijana aliinuka, akaenda kukaa peke yake karibu na injini ambako moshi ulikuwa unarudi. Niliwakemea wale, nikawanyamazisha, na nikajua wakati ule ule kwamba kelele zangu hazikusaidia kitu. Wao hawakulitunga. Walikuwa wamesikia hadithi yenye mnunuzi mmoja tu, na wamemkuta ndani ya boti yetu.

Kosa lilikuwa langu. Ningekuwa nimewaandaa. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi mno. Walikuwepo machifu waliouza mateka wa vita na wadeni wao. Walikuwepo wafanyabiashara wa Kiyao walioshusha watu kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Wahindi wa Unguja walikopesha mitaji ya misafara, Wamarekani wakaleta kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita amerikani, na pembe za ndovu zilikwenda kuwa vinanda kwenye sebule za Ulaya na Marekani. Waungwana wa Kiswahili, weusi kama mimi, walimiliki watumwa Pangani na Mombasa na Lamu. Kusema hivi hakumtoi Mwarabu tajiri wa karafuu kwenye hatia yake; Seyyid Said na watoto wake walijenga utajiri wa Unguja juu ya migongo ya watu, na hilo lazima lisemwe kwa sauti. Nakataa tu kwamba mtoto wa miaka kumi na sita abebe soko zima kwa sababu ya pua yake.

Jumatatu nilifundisha hayo. Nikawaambia pia kwamba mama yake Sultani Barghash mwenyewe alikuwa suria wa Kihabeshi, na kwamba kwa sheria mtoto wa suria alifuata uungwana wa baba yake. Darasa lilitulia, wengine wakawa wanahesabu vizazi kwa vidole.

Wiki mbili baadaye yule kijana aliniletea karatasi iliyokunjwa. Alikuwa ameuliza nyumbani kwao. Mama mzaa babu yake alikuwa suria, aliletwa kutoka bara, na jina lake la kwao hakuna anayelijua. Ameandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wake mdogo wa hesabu: jina lake la kwao hakuna anayelijua.

Niliisoma karatasi ile ofisini, nikaiweka, nikaisoma tena. Mtoto ameweza kuuliza kwao. Mimi sijaweza.

Desemba nikaenda Pangani. Bibi alikuwa na zaidi ya miaka themanini, macho yamepungua, akili nzima. Safari hii sikumuuliza asili. Nilikuwa nimejifunza kitu kutoka kwa wanafunzi: ukiuliza "ninyi ni watu gani" mlango unafungwa, maana hilo ndilo swali la mshenga. Nikamuuliza kazi. Mama yako alikuwa anafanya kazi gani?

Bibi akasema kwa siku tatu. Kutwanga kabla ya jua. Kufua nazi za shamba la watu, kuzianika mbata, kulala karibu nazo mvua isije. Kuchota maji ya mabibi wawili wa nyumba ile, kila mmoja na mtungi wake, na ole wako uichanganye. Kwamba hakuvaa ukaya, kitambaa cha kujifunika kichwa, hakuruhusiwa; alipokuja kuwa huru, kitu cha kwanza alichokinunua kwa fedha yake ni kanga, jozi nzima, akaikata akajifunika kichwa nayo akapita mbele ya nyumba ile ile. Bibi alicheka alipofika hapo. Sikuwahi kumsikia akimtaja mama yake huku akicheka.

Akanionyesha na wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto. Mama yake alikuwa akimwimbia, naye akawaimbia wanawe, akiwemo baba yangu. Neno lililorudiwarudiwa ni "gona". Gona, gona. Bibi alisema Gona ni mtu, huenda ndugu wa mama yake aliyepotezana naye njiani, na ndiyo maana akimwita. Sote tulikubali hivyo. Nikaandika kwenye daftari: Gona, ndugu?

Tangu hapo nikabadilisha namna ya kwenda kwenye maeneo haya. Nilikuwa nakwenda kutafuta mateso. Nikaanza kutafuta maisha. Ni vigumu. Vilivyohifadhiwa ni soko, shimo, pingu. Shamba halihifadhiwi, kwa sababu bado ni shamba. Ukienda kwenye matembezi ya viungo Unguja utanusishwa karafuu na mdalasini, utasukiwa kofia ya makuti, na unaweza kumaliza asubuhi nzima usisikie nani aliyeipanda mikarafuu hiyo. Nimeuliza mara mbili. Mara zote mbili nilijibiwa kwa adabu kwamba hiyo ni habari ya Mkunazini. Kumbe ndiyo habari ya pale pale penye kivuli.

Mangapwani ni tofauti, na naiheshimu. Iko kaskazini ya mji, mwendo wa kama kilomita 20. Ni chumba kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe na kuezekwa, hukioni mpaka ukikaribie. Unashuka ngazi nyembamba. Kilijengwa kiasi cha mwaka 1880. Niliwapeleka wanafunzi wa mwaka mwingine, nikawaacha wasome tarehe wenyewe. Mmoja akasema, "Mwalimu, hapa wamekosea. Mkataba si 1873?" Hawakukosea. Soko lilifungwa, biashara ikaingia chini ya ardhi, ikangojea giza na jahazi. Wanafunzi wale walielewa pale, wameinamisha vichwa, tofauti ya sheria kuandikwa na mtu kuwa huru.

Na hapo ndipo maeneo mengi yanaponikera kwa ufupi wao. Mwaka 1873 unaelezwa kama mwisho. Mkataba ule ulizuia watu kusafirishwa baharini na kuuzwa sokoni. Aliyekuwa mtumwa siku ile alibaki mtumwa. Unguja na Pemba ilibidi kungoja amri ya Aprili 1897, na hata hapo mtumwa ilimpasa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na fidia alilipwa mwenye mtumwa. Masuria hawakuguswa na amri hiyo mpaka 1909. Pwani ya Kenya ni 1907. Kwetu Tanganyika, Wajerumani waliwaacha watumwa katika utumwa wao, wakatamka tu kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 kwisha atakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa 1922, chini ya Waingereza. Weka tarehe hizo kwenye ukoo: bibi yangu alikuwa tayari anatambaa.

Ningependa sana tarehe hizi ziandikwe kwa herufi kubwa mlangoni, kabla ya tiketi.

Kuhusu vile vyumba vya chini vya Mkunazini, nilikuja kusoma hoja ya wanahistoria kwamba jengo la juu yake ni la wamisionari, lilijengwa baada ya soko kufungwa, na kwamba vyumba hivyo vilikuwa ghala la hospitali yao. Siku niliyosoma hivyo nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nilikuwa nimewashusha humo mamia ya watoto. Nilikuwa nimelia humo. Ilinichukua muda kukubali kwamba hasira yangu ilikuwa ya kupenda chumba kuliko watu. Soko lilikuwepo pale, hilo halina ubishi. Watu waliuzwa, walichapwa, walitenganishwa na watoto wao juu ya ardhi ile. Sasa, kabla ya kushuka, nawaambia wanafunzi hoja zote mbili. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, ametoka juu na macho mekundu, "Kwa hiyo tumelia bure?" Nikamwambia aliwalilia watu waliokuwepo kweli, na kwamba tukiwatungia mateso yasiyokuwepo tutampa anayetaka kuukana utumwa wote mahali pa kushika. Wapo wanaotaka kuukana. Nimekaa nao meza moja kwenye harusi.

Nilipokwenda tena mwaka 2017 nilikuta maonyesho mapya kwenye jengo hilo, maelezo marefu ukutani kuhusu biashara ilivyokuwa, njia zake na walionufaika. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Mtoto anayeingia hapo leo anapata mengi kuliko tuliyopata 2005. Bado ukuta hauwezi kujibu swali la yule binti, kwa sababu jibu lake liko majumbani, na majumbani hatujasema.

Bagamoyo nimekwenda mara nyingi zaidi, ni karibu. Watembezaji wa kule hupenda kulieleza jina: bwaga moyo, kwamba mtumwa alipoiona bahari aliuacha moyo wake hapo. Ni maelezo yanayochoma. Lakini njia ile ilipitwa pia na wapagazi, Wanyamwezi kwa maelfu, watu huru waliobeba pembe kwa ujira miezi mitatu au zaidi, na kwao kufika pwani kulikuwa kubwaga mzigo na kupumzisha moyo. Naamini maana hii ya pili ndiyo ya asili. Nimebishana na mtembezaji mmoja kwa upole mbele ya wanafunzi, naye akaniambia kwa unyoofu kwamba wageni huondoka wakitaka maana ya kwanza. Nikamwelewa, ana watoto wa kulisha. Lakini wapagazi nao ni babu za watu. Kuwafunga wote minyororo kwa sababu simulizi inapendeza hivyo ni kuwapokonya ujira wao mara ya pili.

Kule misheni, iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, kulikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa, wengi wao watoto walionunuliwa sokoni ili waachwe huru. Nauona mnara uliolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874 kila mgeni akipiga picha. Mimi huwapitisha wanafunzi haraka hapo, nikawakalisha chini ya miti tukazungumza juu ya watoto wale: mtu amekununua ili uwe huru, anakupa jina jipya, dini mpya, mwenzi wa kuoana naye na kipande cha kulima. Ni uhuru? Wamewahi kubishana saa nzima, basi likatupigia honi.

Mahali ninapopapenda kuliko pote si jumba la makumbusho. Ni Kengeleni, Mombasa. Nilipita hapo nikienda harusini. Ni njia panda yenye magari na kelele, na kando yake umesimama mnara mdogo wa kengele ya Frere Town, makazi ya waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza miaka ya 1870. Kengele iligongwa kuwaonya watu kwamba wakamataji wanakuja. Utingo wa matatu anapaza sauti, "Kengeleni, Kengeleni," watu wanateremka na mifuko yao. Sijui wangapi wanaifikiria kengele yenyewe. Lakini onyo limebaki ndani ya mdomo wa utingo, linatajwa mara elfu kwa siku, na hakuna aliyewahi kulitoza kiingilio.

Pangani hatuna hata hicho. Kuna jengo la kale karibu na mto ambalo wenyeji husema lilikuwa la watumwa, mizizi imeingia ukutani. Ng'ambo ni Bweni, pantoni inakwenda na kurudi. Miwa imekwisha zamani, minazi ipo. Mgeni akiuliza, anaonyeshwa boma la Mjerumani na mahali habari za Abushiri zinaposimuliwa, aliyepigana na Wajerumani akanyongwa Desemba 1889. Shujaa wetu, na mimi namheshimu. Alikuwa pia mwenye shamba la miwa, na miwa ile ililimwa na watumwa. Nilisema hivyo kwenye mkutano mmoja wa wazee nilipopendekeza tuweke japo jiwe lenye maandishi karibu na mto. Wazee hawakunigombeza. Mmoja akasema taratibu, "Mwanangu, ukiliandika jiwe, kesho watu watauliza ni za nani." Alimaanisha nasaba. Alikuwa ananikinga. Katika chumba kile tulikuwepo watu kumi na mmoja, na naweza kukadiria wangapi kati yetu ni wa jiwe lile.

Nikasimama nikasema, "Mimi mmoja wao. Bibi yangu ni kizalia." Neno nililolisikia usiku ukutani, nimelisema mchana. Hakuna aliyeanguka. Mzee mwingine, ambaye sikuwahi kumdhania, akasema, "Basi andika wawili." Jiwe bado halijawekwa. Tunachangishana.

Bibi hakuwahi kuusikia mkutano huo, alikuwa ametangulia. Lakini kabla hajaondoka nilimpelekea kitu. Ilikuwa 2009. Shuleni tulipata mwalimu mpya wa jiografia kutoka Tunduru, Myao, na mchana mmoja wa mvua tulibaki ofisini wawili tukisahihisha. Bila kufikiri nikawa naimba kwa chini wimbo ule. Akainua kichwa. "Huu umeutoa wapi?" Nikamwambia ni wa bibi, kwamba Gona ni ndugu aliyepotea.

"Gona si mtu," akasema. "Gona ni lala."

Akaniambia wasemao hivyo ni wengi, Wayao, Wanyanja, na wengine wa kusini, kwa hiyo nisijidai nimepata kabila. Nilimshukuru kwa hilo pia.

Jumamosi nikapanda basi. Bibi alikuwa kibarazani, macho hayaoni tena, ananijua kwa hatua. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza kwamba neno lile nimepata maana yake. Maisha yake yote aliamini kwamba mama yake, kila usiku akimpakata, alikuwa anamwita mtu mwingine.

Alinyamaza muda mrefu. Akatafuta mkono wangu kwa kupapasa.

"Kumbe alikuwa ananilaza mimi," akasema.